Mtu Asihangaike Kuja

14 Februari

Kwako dada,

Pokea salamu za mdogo wako. Zimepigwa pasi na kukunjwa pembe nne, maana siku hizi hata ndotoni nakunja mashuka. Mimi mzima, ila mikono inachubuka kwa sabuni mpya waliyotuletea hotelini, kali kama ulimi wa mama mkwe. Wamenipandisha cheo. Sasa mimi ndiye msimamizi wa chumba chote cha kufulia, na wasichana waliokuwa wakinicheka sasa wananichukia, jambo ambalo lina heshima zaidi. Mwanao Kasuku hajambo, na mumewe fundi friji hajambo. Juzi walikuja kula kwangu, Kasuku akaongea tangu anaingia mlangoni mpaka anatoka. Ndoa haijampunguzia hata neno moja.

Najua unashangaa. Kwa miaka minne barua zangu kwako zimekuwa za mistari mitatu: nipo, mpo, wasalaam. Leo nimechukua karatasi nzima kwa sababu nina jambo.

Hoteli yetu ina nyumba ya wageni kisiwani, mbali na makelele ya pwani. Msimu ukiisha hubaki tupu, nasi wafanyakazi huruhusiwa kukaa bure na ndugu mmoja. Kuna mpishi, kuna mchanga mweupe, na bahari imetulia kama maji ya beseni. Simu haishiki kabisa. Boti huja Alhamisi tu, hushusha barafu na unga, hugeuza. Wewe bahari hujaiona hata kwa bahati mbaya. Twende mwezi wa nane, dada. Tukapumzike.

Neno hilo nimeliandika makusudi ili tulimalize. Mama alipofariki uliniandikia kwenye simu: "Mama amepumzika. Usihangaike kuja." Nami, mjinga wako, nikamshukuru Mungu kwamba mgonjwa amepata usingizi. Nilifua mashuka siku hiyo nikiimba. Baadaye nikapiga simu kuuliza kama ameamka vizuri, ukaniambia "Unanitania?" ukakata. Mama alikuwa ameshazikwa. Tangu msiba ule hatujasikiana sauti, na naona afadhali. Kalamu haimkatii mtu simu.

Lakini yaliyopita si ndwele. Unakumbuka Mama alivyokuwa akichoka mchana? Hata siku moja hakusema anapumzika. Alikuwa akipaza sauti nyumba nzima isikie: "Najinyoosha! Mtu asihangaike kuja!" Hiyo ndiyo ilikuwa njia yake ya kutuita. Tulikimbia tukisukumana, nani atawahi kulala ubavuni pake. Wewe ulikuwa na viwiko vikali.

Basi twende tukajinyooshe.

Mdogo wako,
Pilipili


9 Machi

Kwako Pilipili,

Tumepokea salamu zako zilizopigwa pasi, tumezivaa. Huku tu wazima. Paa la chumba cha Mama limeanza kuvuja na fundi ananizungusha kila Jumamosi. Mimi nabakiza miezi mitatu wodi ya wazazi, kisha nastaafu. Wauguzi vijana wameanza kunisikitikia kana kwamba nina ugonjwa.

Paka akimwalika panya chakula cha jioni, panya huuliza kwanza: anapikwa nani? Nami nauliza. Umenuna miaka minne, leo unanipakulia bahari. Lakini sikatai. Nimechoka, na mtu aliyechoka hata kwa paka anakwenda kula.

Kuhusu lile neno, sitaliombea msamaha. Mtu mzima akiambiwa mgonjwa amepumzika anajua maana yake. Na "usihangaike" ni adabu, si amri! Mtu akikwambia usihangaike, wewe ndiyo unahangaika. Nilizuia mazishi mpaka jua likaanza kushuka, nikiitazama barabara. Wakaniuliza, mdogo wako yuko wapi? Nikajibu, yuko njiani. Nilidanganya mbele ya maiti ya mama yangu kwa ajili yako. Halafu wewe unapiga simu kuuliza kama ameamka. Kwa hiyo usiandike kana kwamba kidonda ni chako peke yako. Na yapo mengine ya siku zile ambayo sijakwambia. Hayafai kuandikwa.

Sasa habari njema, kama Kasuku hajakutangulia kukutangazia: ni mjamzito. Amenipigia akilia na kucheka kwa pamoja. Anatarajia katikati ya mwezi wa kumi. Mwezi wa nane basi nitakuwa huru kuja kisiwani, na mwishoni mwa mwezi wa tisa nitahamia kwake kumsubiri mjukuu. Hilo liweke akilini, Pilipili. Mikono hii imepokea watoto wa mji mzima, mpaka nakutana na vijana wenye ndevu wananiamkia na mimi nawakumbuka wakiwa uchi. Lakini wote hao niliwapokea kazini. Huyu mmoja nitampokea nikiwa bibi yake, na hapokei mtu mwingine. Nikikosa hilo, hayo mengine yote nitaona nilikuwa nawafanyia watu vibarua.

Niambie nibebe nini.

Dada yako,
Jemadari (usifikiri sijui mnavyoniita)


2 Mei

Kwako dada Jemadari,

Samahani kwa kuchelewa. Mashine kubwa iliharibika, tukarudi kufua kwa mikono kama enzi za Mama, na mgongo ukakumbuka mambo uliyokuwa umeyasahau. Sasa imepona. Mimi pia.

Nimeisoma barua yako mara nyingi. Umesema "usihangaike" ni adabu. Hilo nimelimeza. Limenikwama kooni kidogo, lakini nimelimeza, na siku yake litashuka.

Hongera kwa kuwa bibi. Kasuku ananikalia hapa karibu kila jioni, miguu juu ya kiti changu kizuri, akinieleza ndoto zake. Tumbo limeshaanza kugonga meza. Ananiita "mama mdogo" kwa sauti ya kuombaomba, nami namkatia matunda kama mtumwa.

Vya kubeba ni hivi: kofia pana, kandambili, khanga za kujifuta, na nguo ya kuogelea. Ndiyo, nguo ya kuogelea. Usije na gauni lako la kanisani ukasimama majini kama mtu anayebatizwa. Dawa zako beba za kutosha, kisiwani hakuna duka. Vitabu usibebe, utalala. Mpishi ananiambia wageni wote hufika na mipango, siku ya pili wanaisahau, ya tatu hawajui ni siku gani. Ndivyo ninavyotaka uwe: usijue ni siku gani.

Nimeomba likizo. Mkubwa wangu hajakataa, ameguna tu.

Mdogo wako


20 Juni

Kwako Pilipili,

Nimestaafu. Wamenipa keki, hotuba na saa ya ukutani. Mtu niliyekesha miaka yote nikihesabu uchungu wa watu, nizawadiwe saa! Nimeitundika chooni. Paa limezibwa. Asubuhi naamka na mapema yangu ileile, navaa viatu, kisha nakumbuka sina pa kwenda.

Nguo ya kuogelea nimeipata. Muuzaji alinionyesha moja ambayo kitambaa chake chote hakitoshi kufunga kitovu cha mtoto. Nikachagua yenye mikono na sketi, na juu yake nitavaa khanga, na juu ya khanga nitakaa ndani ya maji mpaka shingoni. Miwani sitaivaa ufukweni. Kuzeeka nimekubali, lakini si mbele ya bahari siku ya kwanza tunapofahamiana.

Sasa nisikilize. Umeandika tumbo la Kasuku linagonga meza, na barua ile ilikuwa ya mwanzoni mwa mwezi wa tano. Mimba changa kiasi hicho haigongi meza. Haigongi hata kijiko. Nilimuuliza kwenye simu kama ni mapacha, akaniongelesha nusu saa juu ya mapazia. Huyo mtoto akificha jambo huongea zaidi, si kidogo. Nimefikiria kuahirisha bahari nije kwanza nimpapase kwa mikono yangu.

Lakini wewe unamwona kila jioni, mimi simwoni. Ukiniambia nitulie, nitatulia. Tuna ugomvi wetu, lakini kwa Kasuku najua huwezi kunidanganya. Ulimbeba mgongoni kabla hajajua kusimama.

Niambie.

Dada yako


11 Julai

Kwako dada,

Tulia.

Kasuku anakula sana, ndilo tatizo lake lote. Anakula kama anayelipiza. Kliniki anakwenda, damu nzuri, mtoto anacheza. Usiahirishe kitu. Umefanya kazi ya kuwahangaikia wanawake wa watu maisha yako yote. Mwaka huu usihangaike.

Tatizo dogo limetokea upande wangu. Mkubwa amenisogezea likizo. Wewe tangulia na boti ya Alhamisi tarehe 6 Agosti, mimi nitakuja na ya tarehe 20, tukae wiki moja pamoja, turudi. Kwanza utakuwa umeshaizoea bahari, utanifundisha. Basi la kwenu linafika moja kwa moja gatini, usijichoshe kupitia huku kwetu. Kasuku wiki hiyo atakuwa kwa wakwe zake, na mimi nitakuwa ndani ya mvuke wa pasi. Simu iache nyumbani, huko ni kipande cha bati. Kukiwa na lolote nitamwandikia nahodha akuletee. Yeye hasahau.

Nimekuchagulia chumba cha mwisho, kilicho mbali na gati. Ukifungua dirisha huoni mtu.

Pumzika, dada. Pumzika sana.

Pilipili


12 Agosti, kisiwani

Pilipili wangu,

Leo nadhani ni Jumatano. Mpishi anasema Jumatano, lakini hata yeye alifikiri kwanza.

Siwezi kukueleza. Nilipoiona bahari mara ya kwanza nilikasirika, nikasema, kumbe kitu hiki kilikuwepo siku zote na hakuna aliyenilazimisha kuja! Asubuhi maji huondoka mbali, unatembea juu ya mchanga wenye mikunjo kama shuka ulilolilalia. Mchana hurudi polepole mpaka mlangoni. Hakuna kelele, hakuna mtu anayeniita "sista, njoo haraka." Mpishi amenifundisha kuelea. Alisema lala kama maiti, nikamwambia maiti nimeona wengi na hakuna aliyenifurahisha. Lakini nikalala, na maji yakanishika. Masikio yakiwa chini ya maji unasikia moyo wako tu. Mchanga umeingia mpaka kwenye dawa zangu. Nimeungua pua. Nacheka peke yangu.

Na nikiwa naelea nimekuwaza wewe. Nimekaa na hasira yako na yangu muda mrefu mpaka nikadhani ni vyombo vya nyumbani. Huku sikuvibeba, na sijavikumbuka.

Kuna neno la Mama nimekuwekea. Alilisema siku moja kabla, na lilikuwa lako. Sikukupa, na kila mwaka ulipopita ikawa vigumu zaidi. Si la kuandika, nataka nione uso wako nikilisema. Ukija tarehe 20 tutakwenda majini, nitakufundisha kuelea, na huko ndiko nitakupa.

Kesho nampelekea nahodha barua hii mwenyewe, ikutangulie kunilainishia njia. Wewe njoo tu. Na Kasuku nitamletea konokono wa bahari niliowaokota, wamejaa mfuko.

Dada yako anayekupenda, ingawa una mdomo


13 Agosti

Dada,

Kasuku amepumzika. Usihangaike kuja.

Pilipili


22 Agosti, nyumbani kwa Kasuku

Kwa msimamizi wa mashuka,

Salamu sina. Nipo mtaa wa pili kutoka kwako na bado nakuandikia, kwa sababu nikikuona leo nitafanya jambo ambalo watu watalisimulia. Mkwe wangu atakuletea karatasi hii, na yeye hajui imebeba nini.

Nahodha alinipa yako mkononi nami nikampa yangu. Tulibadilishana palepale gatini, yangu ya kwenda na yako ya kuja. Nikaitia kifuani maana sikuwa na miwani. Uliijua hiyo miwani, nilikuandikia mwenyewe! Nikarudi chumbani kwangu cha mwisho, kilicho mbali na gati, nikitembea polepole, nikiifurahia barua ambayo sijaisoma. Nilipovaa miwani, boti ilikuwa kidoti.

Nilipiga kelele mpaka mpishi akaacha sufuria. Tulikimbia gatini. Hakuna chombo kingine msimu huu, na hilo pia ulilijua. Wiki nzima, Pilipili. Unajua mkunga anawaza nini akiambiwa mwanawe amekufa na mimba? Mtu mwingine angewaza kifo kimoja. Mimi nilimwona akifa kwa kila njia ninayoijua, na kazi yangu imenifundisha nyingi. Nilimwona akitoka damu, nikaona mikono ya mtu asiyejua pa kukandamiza. Nilijipiga kwamba nilikuwa naelea. Kichwa nilikifunga khanga ya msiba, na kule baharini sikurudi tena.

Alhamisi nikavuka. Nimefika mlangoni hapa nasikia watu wanacheka. Nikasema moyoni, huu ni msiba wa watu gani? Mlango ukafunguliwa na Kasuku, mtoto kwenye ziwa, anaongea. Nilimpiga kofi kwanza. Kisha nikaanguka.

Ameniambia yote: alikuwa na mimba kabla ya harusi, akaogopa nitahesabu miezi kwa vidole, akanisogezea tarehe. Wewe akakuambia ukweli, maana wewe ndiye mama mdogo mwenye moyo mwepesi. Ningehesabu, ndiyo. Na ningenyamaza. Anadhani uliniletea habari njema nami nikachelewa boti. Sijamwambia ulichoniandikia. Mtoto mchanga nyumbani, sitaki asikie kitu kama hicho.

Ni msichana. Ana pua ya Mama. Nimemkuta kitovu kimeshadondoka. Aliyemshika wa kwanza ni mwanamke wa zamu ambaye hata jina lake silijui, na wewe pembeni umeshika taulo. Ulikaa pale pangu.

Na huwezi hata kuitwa mwongo. Alikuwa amejifungua, amelala. Amepumzika! Ungeapa mbele ya hakimu.

Kikulacho ki nguoni mwako. Umelipwa?

Dada yako


23 Agosti

Dada,

Ndiyo. Nimelipwa.

Mkuki kwa nguruwe, sivyo? Wewe ulilia wiki moja, ukafungua mlango ukamkuta wako anaongea. Mimi nilifungua mlango nikakuta nini? Nilifika kwetu siku ya nne baada ya mazishi, nikakuta kitanda cha Mama kimesimamishwa ukutani na wewe unafagia. Hukuacha hata kufagia. Ulisema "Chakula kipo jikoni." Nilikula, dada. Nilikula chakula cha msiba wa mama yangu kikiwa baridi, peke yangu, na wewe ukiendelea na ufagio.

Nilisimama pale wodini nikiwa nimeshika taulo, ndiyo. Mtoto alipolia nililia naye, na katikati ya kulia nikawaza, na dada naye alikose hili, alikose lote, kama nilivyokosa mazishi. Nililipanga tangu Februari, siku Kasuku aliponiambia tarehe ya kweli. Kila barua niliyokuandikia niliinyoosha mpaka isionekane mkunjo. Ulipoandika kwamba kwa Kasuku siwezi kukudanganya, niliiweka barua chini nikaenda kukunja mataulo. Nikarudi nikaandika "Tulia."

Nilikwenda gatini mwenyewe kumpa nahodha ile karatasi. Nikasubiri arudi jioni, nilitaka aniambie ulivyoonekana. Badala yake akanipa barua yako. Niliisoma nimesimama, watu wanapita na ndoo za samaki. Mchanga kwenye dawa. Konokono wa Kasuku. Nilitamani boti igeuke. Nilimuuliza nahodha, akanitazama kama mwehu, akasema Alhamisi.

Sitakudanganya tena: kujuta nilijaribu, ikakataa. Nimekaa hapa na ushindi wangu na hakulaliki nao.

Kuna kitu kimoja tu nauliza, na baada ya hapo unaweza kunifuta. Neno la Mama ni lipi? Umesema lilikuwa langu. Nipe. Hata ukiliandika kwa matusi, nipe.

Pilipili


24 Agosti

Pilipili,

Nilikuwa nimeapa kwamba sasa hulipati. Usiku nimemshika mjukuu, anatazama dari kwa uso wa Mama ule wa kudai, nikasema haya, nimpe chake. Usidhani ni wema. Soma mpaka mwisho ndipo uniambie ni wema.

Siku moja kabla, mchana, maumivu yalimwachia kidogo. Alitaka mto wa pili, akanicheka jinsi ninavyoupiga mto. Kisha akasema, "Mwandikie Pilipili. Mwambie nimejinyoosha, mtu asihangaike kuja." Akacheka mwenyewe mpaka akakohoa. Akasema, "Atacheka kwanza. Halafu atapanda basi la kwanza, na viwiko vyako mara hii havitafua dafu."

Nikasema nitaandika. Sikuandika jioni ile, nilikuwa na dawa, na maji ya moto, na jirani mlangoni. Alfajiri akaondoka. Basi nikashika simu, na maneno yake yalikuwa bado kichwani, nikaanza kuyaandika kama alivyoyasema. Nikayatazama. Mama amejinyoosha. Nikaona hili si neno la msiba, watu watasema nini wakiliona kwenye simu yako, mwanamke mzima anatangaza kifo cha mamaye kwa mzaha. Nikalisafisha. Nikaweka neno la heshima, na la mwisho, la kutohangaika, nikaliacha lilivyo.

Ungelipata lake, usingefua shuka hata moja siku ile. Ungejua anakuita. Ungefika kabla jua halijashuka, na mimi nisingesimama barabarani nikiwadanganya watu.

Kwa hiyo miaka yote hii umekuwa ukinilipizia neno "kupumzika," na kosa halikuwa hapo ulipolitafuta. Sikukuficha kifo. Nilikuficha mzaha wake. Sasa umelipata, kaa nalo. Mimi nilikaa nalo peke yangu, na sikukuandikia nikijua vizuri kwamba likikufikia utaniuliza hili hili: ulikuwa na haki gani ya kumsahihisha Mama? Nilikasirika na wewe ili usiniulize.

Na wiki yangu ya kisiwani sijaisamehe. Usije ukafikiri.

Kasuku ametoka na mumewe kwenda kliniki, kwa mara ya kwanza nyumba hii ina kimya. Mtoto nimebaki naye. Amenyonya, amelala, ngumi mbili juu ya kichwa. Kitanda cha chumba cha uani ni kipana, wamekitengenezea watu watatu bila kujua. Mlango wa nyuma sijautia komeo.

Nimechoka. Najinyoosha.

Mtu asihangaike kuja.